Gia Uliyopandia

Saa nane mchana basi letu lilisimama katikati ya mlima Kitonga. Mbele kulikuwa na lori lililokata ekseli konani, na nyuma yetu foleni ilikuwa imeshaota mkia. Abiria wengi walishuka kunyoosha miguu. Mimi nilibaki dirishani, nikinusa breki zilizoungua za malori yaliyokuwa yakiteremka, na machozi yakanitoka. Nilikuwa naenda Mufindi kujengea kaburi la Babu.

Babu alikuwa fundi wa magari jeshini. Nilipokuwa darasa la nne alinipitisha mlima huuhuu akaniambia, "Mjukuu wangu, gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia." Akanionyesha kwa viganja vyake, akivisugua mpaka vikapata moto: breki ukiikanyaga mfululizo inachemka, na ikishachemka haishiki tena. Dereva anayejua kazi huiachia injini imshikie gari. Kila lori lililoshuka taratibu likinguruma, Babu alilipungia mkono.

Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, alikuwa bado kijana. Vita alivisimulia kwa magari tu. Alianza na daraja la Kyaka, kwa kuwa kwa mtu wa malori daraja likivunjwa kila kitu kinasimama: risasi, unga, majeruhi. Halafu magari ya raia yaliyochukuliwa kusaidia jeshi, kila moja na spea zake, ikabidi lililokufa livuliwe ili lililo hai litembee. Halafu tope. Dizeli ikikauka kwenye tangi, alisema, mabomba yanavuta hewa, na hata ukijaza mafuta gari haliwaki. Lazima ulegeze nati ya filta, upige pampu ya mkono mpaka povu liishe na dizeli itoke safi. Kule alifanya hivyo usiku bila taa, akisikiliza povu kwa ncha ya kidole.

Kampala ilipoanguka, tarehe 11 Aprili 1979, yeye alikuwa Masaka, chali chini ya lori. Habari alizipata kwa kelele za wenzake, akamalizia kukaza nati alizokuwa ameshika ndipo akatoka. Waliokufa hakuwahi kuwataja. Ila kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, alizima mashine ya kusaga, akavaa koti lake la jeshi, akakaa kando ya redio tangu asubuhi. Siku hiyo hatukumsemesha. Bibi alimwekea chai pembeni, ikapoa, akamwekea nyingine.

Mimi alinilea yeye, baada ya mama yangu kufariki. Baridi ya Mufindi mwezi wa sita si ya kusimuliwa, inaingia hadi kwenye mifupa. Babu aliamka kabla ya jogoo, akaweka viatu vyangu vya shule karibu na moto ili nivivae vikiwa na joto. Vifungo vya shati langu alivishona kwa uzi wa turubai. Shati lilichanika, likawa tambara la jikoni, vifungo vikabaki pale pale. Sijawahi kupendwa namna ile tena, na nasema hivi nikiwa na familia inayonipenda.

Foleni ilifunguka karibu saa kumi. Ilula tulipita nyanya zikiwa zimepangwa barabarani kwa ndoo, Iringa hatukukaa, Mafinga tukafika giza limeshaingia. Asubuhi nilipanda Noah ya kuelekea Sawala. Misonobari, kisha chai, kisha ukungu ulioficha vyote viwili.

"Kamwene," wazee walinipokea uani. "Kamwene," nikaitika. Zege tulimwaga siku hiyohiyo. Bamdogo aliandika jina na miaka kwa msumari kabla saruji haijakauka, na chini yake, bila kuniuliza, akachora spana. Nilimshukuru hadi sauti ikanikatika.

Jioni tuliketi, na kutoka bondeni ikasikika mashine ya kusaga, ileile aliyoihudumia tangu astaafu. Ilikuwa inagonga. Bamdogo alisema imeanza wiki ya pili sasa, na fundi aliyeitwa kutoka mjini alitaka injini yote ifunguliwe.

Tuliteremka pamoja. Kwenye rafu nilikuta bisibisi ndefu ya Babu, mpini wake umelainishwa na kiganja chake. Nikaweka ncha kwenye injini, mpini nikaubana sikioni kama alivyokuwa akifanya, nikafumba macho. Nikahamisha ncha kidogo. Nikahamisha tena.

"Ni vali, Bamdogo. Imelegea tu," nikasema. "Zima, ipoe. Spana zake ziko wapi?"