Kabla ya Kupulizia Mwembe Dawa ya Ukungu, Kagua Majani

Maembe yakianza madoa meusi, wengi wetu huku Mwanza hukimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya ukungu. Dawa ina kazi yake, ila mti wenye njaa ya virutubisho utaugua tena msimu ujao. Na luseni yetu, mchanga uliomeguka kutoka miamba ya itale, haishiki mbolea: mvua mbili tatu kubwa na naitrojeni imeshazama.

Anza na majani makuukuu. Yakiungua kingoni kuanzia nchani, katikati yakabaki kijani, potasiamu imepungua. Mti wa namna hiyo hurundika sukari na amino asidi ndani ya seli badala ya kuzijenga, na zikivuja juu ya jani, ukungu unakuta chakula mezani. Majani machanga yakiwa madogo, yamesongamana na yana njano kati ya mishipa, shuku upungufu wa zinki, hasa kwa michungwa iliyopandwa kwenye mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi, yenye chokaa.

Kalsiamu ndiyo ngumu kuigundua kwa macho. Huimarisha gundi inayoshikanisha seli, na kuvu wa chule, ugonjwa unaoleta yale madoa meusi, hupenya kwa kuiyeyusha gundi hiyo hiyo. Huingia embe likiwa bichi, hutulia, kisha huamka tunda linapoiva. Anayesubiri madoa ndipo apulizie amechelewa. Kalsiamu hupanda na maji kutoka mizizini na haihami jani kwenda tunda. Kwa hiyo ukame matunda yakiwa madogo, au urea nyingi inayoamsha machipukizi ya kuyanyang'anya matunda, huacha embe na ganda dhaifu. Urea iliyochelewa ina ubaya mwingine: machipukizi mabichi wakati wa maua ni karamu ya ubwiri unga, ukungu mweupe unaofanana na unga.

Mwembe mkubwa kwenye luseni upe madebe matatu hadi manne ya samadi iliyooza vizuri vuli inapoanza. Tandaza chini ya ukingo wa matawi, ukiacha mita moja kutoka shinani, kwa sababu samadi iliyolundikwa shinani huozesha gome. Wiki chache baadaye ongeza kilo mbili za jivu la kuni, lenye potasiamu na kalsiamu. Usilichanganye na urea wala samadi mbichi. Ile harufu kali utakayoisikia ni naitrojeni yako inapaa. Kwenye mbuga jivu liache kabisa, maana hupandisha pH, yaani hupunguza uchachu wa udongo, na kuzidi kuifunga zinki.

Zinki hupuliziwa majani yakiwa bado laini: gramu 100 za zinki salfeti na gramu 50 za chokaa iliyozimwa kwa lita 20 za maji. Yeyusha kila kimoja peke yake, changanya, chuja kwa kitambaa. Ukiruka chokaa, majani yataungua. Pulizia asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaanza.

Kama dalili zimechanganyikana, usibahatishe, pima udongo. Chota kina cha sentimita 0 hadi 30 chini ya miti mitano au zaidi, changanya, punguza hadi nusu kilo, anika kivulini. Tumia ndoo ya plastiki: ile ya bati imepakwa zinki, na majibu ya maabara yatakwambia zinki ipo tele.