Kipima upepo kinasema 60, mgomba hata haujatikisika

Saa moja kasoro jioni hapa Masese, Jinja. Moshi wa jiko la jirani unapanda wima kama uzi, majani ya migomba yamelala. Naangalia simu: upepo kilomita 60 kwa saa. Upepo wa kasi hiyo ungekuwa umeshaondoka na mabati yangu.

Kituo hiki cha hali ya hewa nimekiunga mwenyewe. Kina kipima mvua, kipima joto, vikombe vitatu vya kupima kasi ya upepo na mshale wa kuonyesha unakotoka, na nyaya zote zinashuka hadi kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi niliyoipachika ukutani sebuleni. Nilianza kwa ajili ya jirani yangu anayeanika mukene, yaani dagaa wa huku kwetu. Mvua ikimkuta ameshawamwaga kwenye nyavu, siku yake imeharibika. Miezi mitano kituo kilienda vizuri, kisha kikageuka kituko: mchana upepo wa ziwani unavuma, vikombe vinazunguka mpaka huvioni, simu inasema 0. Jioni kumetulia, inasema 60.

Fundi mmoja mjini, bila kuja kuona, aliniambia vikombe vimekufa. Nikaagiza vipya, nikasubiri wiki mbili, nikapanda paani kuvifunga. Mchana sifuri, jioni 60. Mke wangu hakusema neno, aliniangalia tu, sufuria mkononi, akaingia ndani.

Kilichonishtua baadaye ni namba yenyewe. Si 58, si 63. Ni 60 kila mara, na upepo wa kweli hauna nidhamu hiyo. Nikachukua karatasi. Ndani ya kipima kasi kuna sumaku, na kuna swichi ya kioo nyembamba kama njiti ya kiberiti. Vikombe vikizunguka, sumaku inaipitia swichi na kuifunga, mara mbili kwa kila mzunguko. Kwa kifaa changu, mzunguko mmoja kwa sekunde ni kilomita 2.4 kwa saa. Basi kilomita 60 ni mizunguko 25 kwa sekunde, na swichi inafungwa mara 50. Hamsini! Umeme wa majumbani Uganda ni hertzi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde.

Umeme upi sasa? Kila jioni binti yangu huwasha pampu ya kujaza tangi. Waya wa pampu unapita kwenye ukuta uleule wa waya wa kipima upepo, tena mimi mwenyewe ndiye niliyevifunga pamoja kwa vibanio, mita kama ishirini hivi, ili ukuta upendeze. Nikapaza sauti: "Zima pampu!" Simu ikasema 0. "Washa!" 60. "Zima!" 0. Mara ya nne akatoka nje: "Baba, unataka maji au hutaki?"

Ile 60 ikawa imejieleza. Sifuri ya mchana bado.

Asubuhi nikapanda ngazi na mita ya umeme, nikaiweka pale inapolia nyaya zikigusana. Nikachomoa waya juu kabisa, chini ya vikombe, nikavizungusha kwa kidole: pii, pii, mara mbili kila mzunguko. Vikombe vizima. Nikateremka kuchukua vile vya zamani nilivyokuwa nimevitupa kwenye boksi, nikavipima. Pii, pii. Navyo vizima, na hela yangu imeshakwenda.

Nikarudisha waya juu na kupima upande wa chini, binti akizungusha vikombe kwa fimbo ndefu. Kimya. Kati ya hapo na pale kuna kiungo kimoja tu, plagi ndogo kama ya simu ya mezani, niliyoificha chini ya mabati ndani ya kikopo cha plastiki. Nilipokifungua, sisimizi walimwagika mpaka kwenye kiwiko. Walikuwa wamejenga humo, wameleta udongo, udongo umeshika unyevu, na vipini vya shaba vimeota ukijani. Waya wa ardhi, yaani ule wa volti sifuri unaorudi kwenye kompyuta, ulikuwa umekatika kabisa, umebaki unga.

Kompyuta hutambua mzunguko pale swichi inapoushusha waya wa ishara hadi kwenye ardhi. Ardhi isipofika, vikombe vizunguke hadi kesho, haisikii kitu. Na waya wa ishara ukibaki unaning'inia bila mwenzake, unakuwa antena: pampu ikiwaka, unanasa mitetemo ya umeme wake, na kila mtetemo unahesabiwa kuwa upepo.

Nikaikata plagi nikaitupa. Nyaya nikazilehemu moja kwa moja, nikazivisha mpira na kuziba kikopo kwa silikoni. Waya wa kipima upepo nikauhamishia ukuta wa pili, mbali na pampu. Kwenye kompyuta nikaongeza resista ya kilo-omu 4.7 kati ya waya wa ishara na volti 3.3, kijiti kinachoushikilia waya juu swichi ikiwa wazi, kwa sababu ile iliyomo ndani yake ni dhaifu mno kwa waya mrefu hivyo. Jioni pampu ikaunguruma, simu ikakaa 0. Kesho yake alasiri, upepo wa ziwa ulipoanza, ikapanda 9, 14, 11, 17, namba zisizo na mpangilio, nami nikafurahi kuziona.

Jirani ndiye aliyegundua kosa lililobaki. Nilimwonyesha simu akacheka: "Afande, upepo wa saa tisa unatoka ziwani, na ziwa liko kule kusini. Hii yako inasema unatoka Iganga, kaskazini mashariki." Kweli. Nilipofunga mshale nilitafuta kaskazini kwa dira ya simu huku nimesimama pembeni ya mlingoti wa chuma, na chuma kikaivuta dira. Nikasogea hatua kumi, nikapima upya, nikageuza.

Mwembe sijautatua. Kanuni ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani inataka kipima upepo kiwe mita 10 juu ya ardhi, na kizuizi kiwe mbali angalau mara kumi ya urefu wake. Mwembe wangu una mita kama nane na kiwanja kizima kina upana wa mita 15. Upepo ukitoka mashariki nasoma upepo wa nyuma ya mwembe, na mke wangu ameshasema maembe hayaguswi.