Nilivyounganisha wakala wa AI na mfumo wetu wa booking za mashua Lamu

Sisi tunapeleka wageni kwa mashua hapa Lamu, na booking zote zimo kwenye mfumo mmoja wa mtandaoni. Nilitaka mwenzangu wa ofisini amwambie tu wakala wa AI, yaani programu inayoelewa maneno na kutumia zana kwa niaba yako, "Mtafutie huyu nafasi ya Takwa Ijumaa," asihangaike kufungua kurasa.

Nilitumia seva ya zana inayofuata Model Context Protocol, itifaki (kanuni za kuunganisha wakala na mifumo mingine) iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024. Seva humtajia wakala zana ilizo nazo, kila moja na maelezo yake. Wakala huchagua, seva huuliza mfumo kupitia API, yaani mlango wa programu kuongea na programu nyingine, na kumletea jibu. Niliiandika kwa Python. Ukiiendesha kwa stdio, njia ya kawaida ya programu kupokea na kutoa maandishi, usiache print (amri ya kuchapisha maandishi) hata moja ndani ya kodi: njia ile ile ndiyo inayobeba ujumbe wa JSON-RPC, muundo ambao wakala na seva huandikiana, na neno la ziada linauvuruga. Kumbukumbu za seva (logs) zielekeze stderr, njia ya pembeni ya kutolea taarifa za makosa.

API yetu ina mambo mengi, nami nilifungua zana nne tu: tafuta_nafasi, soma_maji, panga_safari na ghairi_safari. Ya kurudisha pesa haimo, wala sina mpango nayo.

Kilichonikalisha kitako ni maji. Mkono wa bahari unaoingia Takwa, kisiwani Manda, hupitika maji yakijaa, na saa ya kujaa husogea kama dakika 50 kila siku. Ningeweza kumwandikia wakala agizo la kuangalia maji kwanza, lakini mazungumzo yakirefuka agizo husahaulika. Sharti nikalitia ndani ya seva: panga_safari yenyewe husoma jedwali la maji kabla ya kugusa booking. Saa ikiwa haifai, hairudishi namba ya kosa kavu. Husema: "Maji yamekupwa saa hiyo. Jaribu kati ya saa 4 na saa 6 asubuhi." Wakala akisoma hivyo, humuuliza mgeni saa nyingine bila kusukumwa. Kwangu maneno ya kosa yana uzito kuliko maelezo ya zana, na wengi huyaandika mwisho kabisa, tena kwa haraka.

Upepo sijauingiza. Kusi ikichacha katikati ya mwaka, mwenye kauli ni nahodha. "Mwanangu, mashine yako ipange, mimi n'tatazama bahari," aliniambia mmoja wao. Basi kila booking ya wakala huingia ikiwa "inasubiri", na hubaki hivyo mpaka nahodha apigiwe simu na akubali.