Waridi la shangazi limevuka baridi

Leo asubuhi nimetoka na kikombe cha chai mkononi, moja kwa moja hadi uani kwenye viriba vyangu, vile vifuko vya kuoteshea miche. Wiki nzima sasa nyasi hazijalala na sakitu, ule umande ulioganda. Aliyewahi kuishi Njombe anajua raha ya asubuhi kama hii baada ya Juni na Julai.

Mwezi wa nne, mvua zikielekea ukingoni, nilikata pingili 12 za lile waridi la pinki lililoko mlangoni kwa shangazi, kule Uwemba. Ukuta mpya ulikuwa unapita palepale, na shina lile nimelikuta tangu sijaanza shule. Pingili zilizobaki hai ni 5.

Nne zimechipua, vijani vya rangi ya damu ya mzee, laini kama sikio la mtoto. Lakini majani yasikudanganye. Pingili ina akiba yake ndani ya kijiti. Joto likirudi kidogo, inaweza kuvaa majani wakati chini hakuna hata mzizi mmoja. Mwaka jana niliivuta moja nione kama imeshika. Kumbe ilikuwa imeshika. Nilisikia mizizi ikikatika, na kile kimlio bado ninacho masikioni. Siku hizi natazama matundu ya chini ya kiriba tu. Mzizi mweupe ukichungulia, hapo naamini.

Chupa za maji nilizozifunikia siziondoi kwa mpigo. Nilianza kwa kufungua vizibo, siku nne hivi. Sasa nazivua chupa zenyewe kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, na kila siku naongeza kidogo. Jua la huku juu mwezi wa nane ni kali kuliko unavyolihisi, maana upepo wa baridi unakupoza wewe huku majani machanga yanaungua.

Maji nayamwagia udongoni, asubuhi, baada ya kuchomeka kidole kuona kama pamekauka. Majani yakilala na maji, madoa meusi hayachelewi. Vidukari nawafuta kwa vidole. Samadi bado, mizizi hii ni michanga mno. Ardhini nitaipanda mvua za mwisho wa mwaka zikishika.

Mche mmoja umeshatoa kitumba, kidogo kama punje ya mtama. Nimekitoa kwa ukucha, na imeniuma kweli, kwa sababu shangazi kila akipiga simu anauliza, "Mwanangu, limechanua?" Lakini nguvu ya kulisha ua, kwa sasa naitaka iende kwenye mizizi.

Ile ya tano haina jani hata moja. Jana nilidhamiria kuing'oa. Nikaikwangua gome kidogo kwanza, karibu na usawa wa udongo, na chini ya gome kukawa na kijani kibichi, chenye unyevu. Nimeirudisha kivulini na chupa yake juu.