Kusubiri Kidato cha Tano kwa mshipi, chubwi na maji ya bamvua

Mtihani wa Kidato cha Nne unamalizika Novemba, skuli inatufungulia mlango wa Kidato cha Tano Julai. Katikati hapo, sisi wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) huku Micheweni, Pemba, wengi tunakwenda tuisheni kuwahi mada, na wapo wenzangu walioshaingia kwenye sumaku na umeme. Mimi nimegoma kukimbia. Nimeazima madaftari ya ndugu zangu wa Kidato cha Sita, na karibu kila ukurasa wenye alama nyekundu, fomula imeandikwa sawa lakini hesabu imekwama njiani. Kwa hiyo nimejipa kazi mbili: kupima vitu kwa mkono wangu, na kuizoea difarensiesheni, yaani hesabu ya kitu kinabadilika kwa kasi gani, mpaka isinitishe.

Februari: penduli

Mjomba amenipa mshipi wa kuvulia na chubwi moja nzito, ile ya kuzamishia mshipi. Nimeufunga kwenye boriti ya banda, nikaubembeza kidogo tu, chini ya digrii 10, maana ukiubembeza sana fomula ya skuli haifai tena. Nahesabu mabembeo 50 kwa saa ya simu. Kidole kinachelewa kiasi cha robo sekunde, lakini ucheleweshaji huo ukigawanywa kwa 50 unakuwa kitu kidogo sana. Nimepima kwa urefu tofauti, kutoka sentimita 40 mpaka mita moja na nusu.

Chubwi haina umbo zuri, na kitovu chake kiko wapi hasa mtu huwezi kujua kwa macho. Basi sikukitafuta. Nilipima mshipi mpaka fundo la juu ya chubwi, nikachora grafu ya muda wa bembeo moja uliozidishwa kwa wenyewe dhidi ya urefu. Mstari ulinyooka, ila haukupita sifuri. Ulikata juu kidogo, kwenye 0.06. Gawanya hiyo kwa mteremko wa mstari, 4.05, unapata sentimita moja na nusu: masafa kutoka fundo mpaka kitovu. Grafu imekitafuta yenyewe! Na mteremko hauharibiki, kwa sababu kila kipimo kimepungua kwa kiasi kile kile.

Kutoka mteremko huo g, yaani mchapuko wa kitu kinachoanguka, inakuja mita 9.75 kwa sekunde kwa sekunde, na nikichora mistari miwili ya pembeni inayokubalika napata tofauti ya 0.1 juu na chini. Thamani ya kweli karibu na ikweta ni 9.78, na kwenye ncha za dunia ni 9.83, kwa vile dunia inazunguka na imetuna kiunoni. Ile 10 ya Kidato cha Pili naiaga kwa heshima.

Machi: bamvua

Mama analima mwani, kwa hiyo ratiba ya nyumba inafuata maji. Siku moja mbili baada ya mwezi kuandama, na tena baada ya mwezi mpevu, linakuja bamvua, na kwetu maji yanaweza kupanda hadi kama mita 4. Nimepiga alama za rangi iliyobaki ya mashua kwenye jabali, kila nusu mita, nikakaa na simu na daftari.

Kwanza niliandika hesabu. Kutoka maji kupwa mpaka kupwa tena ni saa 12 na dakika 25, na kina kinafuata kosaini. Ukifanya difarensiesheni, kosaini inageuka saini, na saini ni kubwa kabisa katikati ya safari: maji yanapanda karibu mita moja kwa saa. Nusu mita ya kwanza kutoka chini ichukue kama saa moja na dakika 25. Nusu mita ya katikati ichukue dakika 30 tu.

Jabali limekubali, kwa tofauti ya dakika chache. Nilimwonyesha Mama daftari, akacheka. "Hayo sie twayajua kwa miguu, mwanangu. Maji yakishafika magotini usiseme ngoja nifunge kamba moja tena." Ndiyo difarensiesheni hiyo, na sijapata mwalimu aliyeieleza kwa ufupi zaidi.

Aprili: mvua

Masika yameanza, kupima pwani ni shida, na grafu zangu zimepata ukungu. Nimekaa ndani na mazoezi ya vekta. Hakuna la kusimulia.

Mei

Zile dakika chache hazijaniacha. Kosaini moja haitoshi: mwezi unavuta kwa saa 12 na dakika 25, jua kwa saa 12 kamili. Zikikutana pamoja ni bamvua, zikipingana ni maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu. Nimejumlisha kosaini mbili kwenye karatasi, na kutoka bamvua moja mpaka jingine zinatoa siku 14 na robo tatu. Hesabu hiyo hiyo ndiyo ya nyuzi mbili za udi zisizolingana sauti, zinapovuma na kufifia kwa zamu, mada ya mawimbi ambayo ndugu zangu wameiwekea nyota tatu daftarini. Mvua ikikatika nitapima maji mafu kwenye jabali lile lile, kisha nimwendee fundi redio kuazima mita yake, maana umeme sijaugusa kabisa.