Kulenga Fokasi Kwenye Vitu vya Mbali

Wapiga picha wengi huamini kwamba kitu kikishakuwa mbali sana, kama vile mlima au mwezi, kulenga fokasi, yaani kuirekebisha lenzi ili kitu kionekane kikali, ni kazi nyepesi ya kuzungusha pete ya lenzi mpaka igome. Kwa maoni yangu, imani hiyo ndiyo inayoharibu picha nyingi za mandhari, zile zinazopendeza kwenye skrini ndogo ya kamera lakini zikikuzwa zinaonekana zimefifia.

Lenzi nyingi zenye fokasi ya otomatiki hutengenezwa makusudi ili pete iweze kupita kidogo alama ya ∞, yaani umbali usio na mwisho. Metali na vioo hutanuka na kusinyaa kadiri joto linavyobadilika, hivyo mahali halisi pa fokasi husogea, na mota inayosogeza fokasi nayo huhitaji nafasi ya kupitiliza kidogo kabla ya kurudi na kutulia. Kwa hiyo mwisho wa pete si mwisho wa umbali.

Usiku mimi huzima fokasi ya otomatiki, huweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, hufungua tundu la lenzi kadiri linavyoruhusu, kisha huikuza nyota moja angavu kwenye skrini. Pete ikizungushwa polepole, nyota huanza kama duara lililovimba, hupungua hadi kuwa nukta, na ukipitiliza huvimba tena, mara nyingi ikiwa na ukingo wa rangi. Ni lazima uuone uvimbe wa pande zote mbili ndipo ujue katikati ni wapi. Mchana, ukingo wa paa au nguzo dhidi ya anga hufaa. Wingu au ukungu haufai, kwa kuwa hauna mstari wa kushika.

Wapo wanaopendelea kulenga karibu zaidi ili mbele na nyuma vyote vionekane vikali. Kwa lenzi ya milimita 24 kwenye f/8 (kipimo cha ukubwa wa tundu la lenzi), katika kamera yenye kihisi cha mwanga cha milimita 36 kwa 24, umbali wa kulenga kwa njia hiyo ni kama mita 2.4, kwa lenzi ya milimita 300 ni takriban mita 375, jambo linaloonyesha jinsi lenzi ndefu isivyosamehe. Hata hivyo, hesabu hiyo hukubali ukali wa kutosha tu, si ukali kamili, na ndiyo maana mlima ukiwa ndio kiini cha picha, naulenga mlima wenyewe.

Liko jambo moja ambalo lenzi haiwezi kulitibu, nalo ni hewa. Joto likipanda kutoka ardhini, kitu kilicho kilomita kadhaa mbele huchezacheza hata fokasi ikiwa sahihi. Hapo ni vyema kupiga asubuhi na mapema, au kupiga picha nyingi mfululizo na kuchagua ile iliyonaswa hewa ilipotulia kidogo.