Gesi ya Cabo Delgado na Askari wa Kigeni

Vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, vilianza Oktoba 2017 kwa shambulio la Mocímboa da Praia, na kwa zaidi ya miaka mitatu wakazi wa pwani hiyo, wengi wao wasemaji wa Kimwani, Kimakonde na Kiswahili, waliuawa na kuchomewa vijiji bila nchi nyingine kuleta kikosi kikubwa cha kuwalinda. Machi 2021 wapiganaji wa kundi la waasi wenye itikadi kali za Kiislamu waliingia mji wa Palma, jirani na Afungi, ambako TotalEnergies ya Ufaransa ilikuwa ikijenga mradi wa gesi wa dola bilioni 20. Mwezi uliofuata kampuni hiyo ilisimamisha mradi, na kufikia Julai askari 1,000 wa Rwanda walikuwa wanawasili, wakifuatiwa na kikosi cha SADC, Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika.

Sidai kwamba gesi ndiyo sababu pekee ya askari hao kuja. Agosti mwaka huo Mocímboa da Praia ilikombolewa, watu wakaanza kurudi makwao, na hilo ni jambo la kushukuru kwa dhati. Hata hivyo, linaniuma kuona kwamba Wanyarwanda walipangiwa kwanza Palma na Mocímboa, wilaya zinazouzunguka mradi, huku Macomia na Nangade zikiachiwa SADC, ambayo iliondoka mwaka 2024. Umoja wa Ulaya nao uliidhinisha euro milioni 20 kwa askari wa Rwanda Desemba 2022, mwaka uleule ambao Ulaya ilikuwa inahangaika kutafuta gesi isiyotoka Urusi.